Majani Kabla ya Mizizi

Kila mwaka mvua zinapoanza hapa Misigiri, baina ya Novemba na Disemba, nyumba nyingi hukata matawi ya mikomamanga, mitini na mihina wakayachomeka uani. Baada ya siku chache matawi huchipua majani mabichi, na watu wa nyumbani hufurahi. Lakini furaha hiyo haifiki mbali. Majani hunyauka, tawi likakauka, na hapo ndipo maneno huanza. Mmoja husema mkono wake hauna baraka. Mwingine husema ni jicho la jirani aliyepita akasifu. Tumewaona watu wanaosali safu moja wakinyimana salamu kwa ajili ya kijiti kilichokauka.

Ndugu zetu, hasadi ipo, na katika Surat Al-Falaq tumefundishwa kujikinga nayo kwa Mola wetu. Lakini Surat Al-Hujurat nayo imetuamuru tujiepushe na dhana. Basi kabla ya kumtuhumu jirani, yatupasa tuitazame sababu.

Sababu yenyewe ni hii. Tawi lililokatwa huwa na akiba kidogo ya chakula na maji ndani yake, na akiba hiyo yatosha kutoa majani kabla haujatokea mzizi hata mmoja. Majani hayo huyapoteza maji hewani, na chini hapana kinachoyarudisha. Akiba ikisha, tawi hufa. Kwa hivyo majani si dalili ya mizizi.

Tena sisi watu wa Singida tumezoeshwa vibaya na minyaa. Mnyaa ukikatwa na kuchomekwa uani hushika hata katika ardhi kavu, kwani shina lake limejaa utomvu. Muhogo nao ni mwepesi, kwa akiba iliyomo katika shina lake. Tukadhani kila mti una tabia hiyo, na sivyo. Mkomamanga, mtini na mzabibu hushika vizuri kwa pingili, illa hutaka uangalizi. Muembe na mparachichi ni taabu kushika kwa njia hii. Hiyo hufaa zaidi kubebeshwa.

Anayetaka kufaulu asingoje mvua. Aanze mwezi wa Septemba, ili mvua ikija mti uwe umekwisha kuwa na mizizi. Achague tawi lililokomaa, lenye unene wa kalamu ya risasi, alikate kwa kisu kikali urefu wa shibiri moja. Chini akate sawasawa, karibu na kifundo, kwani hapo mizizi hupenda kutokea. Juu akate mshazari, asije akalipanda kichwa chini. Majani ayaondoe, abakize mawili tu, nayo ayapunguze nusu.

Kisha atwae kopo lililotobolewa kitako, atie mchanga wa mtoni uliochanganywa na udongo kidogo. Samadi mbichi asitie, huliozesha tawi. Achomeke theluthi mbili za pingili, ashindilie kwa vidole, na kopo aliweke kivulini, si juani. Chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako yafaa kulifunika tawi ili unyevu usipotee. Mchanga uwe kama kitambaa kilichokamuliwa: una unyevu lakini hautoi maji. Maji yanayodondoka kwa anayetawadha, yakikingwa katika beseni, yatosha makopo mengi, wala hatupotezi neema katika nchi hii kavu.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni subira, nayo ndiyo ngumu kuliko zote, khasa kwa vijana. Twawajua watoto ambao kila asubuhi hung'oa tawi watazame kama limeota, na kwa kung'oa huko huikata mizizi iliyo myembamba kama uzi. Ngojeni wiki 6 hata 8. Mizizi ikichungulia katika matundu ya kopo, hapo mti umeshika.

Na anayelaumu mkono wake na akikumbuke kisa cha Salman Al-Farisi. Alipotaka kujikomboa utumwani alitakiwa, pamoja na mali, kupanda mitende 300. Masahaba walimchangia machipukizi, na Mtume (S.A.W.) akayapanda kwa mkono wake mtukufu, na imepokewa kuwa halikufa hata moja. Lakini kabla ya kupanda, Mtume alimwamuru Salman akachimbe mashimo, na masahaba wakamsaidia. Ikiwa penye mkono uliobarikiwa kuliko mikono yote mashimo yalichimbwa kwanza, sisi tutaachaje sababu kisha tudai baraka?

Wazazi wenzetu, watoto wetu nao ni pingili. Mtoto akisoma kwa sauti nzuri mbele ya wageni, hayo ni majani, nasi twayafurahia. Mizizi ni sala anayoisali asipoonwa na mtu, na ukweli wake anapokuwa peke yake. Huyo mwekeni kivulini, mnywesheni kidogo kidogo, wala msimng'oe kila siku kumtazama.

Na aliyegombana na jirani kwa ajili ya tawi, na ampelekee kopo moja lililokwisha kushika. Mkomamanga utakaoota katika nyua mbili utawakumbusha wote wawili. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.