Mwalimu, hiyo h imeenda wapi?

Leo tuweke kando seva na programu, tuongee hisabati. Usikimbie! Kama uliwahi kuandikiwa ubaoni kwamba mteremko wa x² ni 2x, ukaambiwa ukariri, basi haya yanakuhusu.

Kuna walimu wachache wa sekondari ninaokutana nao Jumamosi. Walikuja kujifunza Python, lakini mmoja wao, mama aliyeshika chaki miaka mingi, akaleta swali analoulizwa kila mwaka: "Kijana wangu, wanafunzi wanasema tunagawa kwa h, halafu tunasema h ni sifuri. Si tuliwaambia kugawa kwa sifuri ni marufuku?"

Swali hilo si la kitoto. George Berkeley, askofu wa Ireland, aliwatupia wanahisabati swali kama hilo mwaka 1734, na hawakuwa na jibu la kuridhisha. Augustin-Louis Cauchy ndiye aliyepiga hatua kubwa mwaka 1821, na baadaye Karl Weierstrass akakaza nati. Kwa hiyo mwanafunzi anayeambiwa "kariri tu, itakuja kwenye mtihani" ananyamazishwa kwa swali lililowasumbua magwiji karibu miaka 90.

Tukaandika programu ya mistari michache. Chukua x² pale x ni 3. Ongeza h kwenye 3, tafuta tofauti ya majibu, kisha gawa kwa h. Kwa h ya 0.1 unapata 6.1. Kwa 0.01, 6.01. Kwa 0.001, 6.001. Walimu wakatabasamu: inaelekea 6. Tukaendelea kuipunguza mpaka 0.0000000000000001. Kompyuta ikajibu 0!

Kulikoni? Kompyuta huhifadhi takriban tarakimu 16 tu. Ukiongeza kitu kidogo hivyo kwenye 3, kwake inabaki 3 ile ile, na tofauti inapotea. Kumbe kuipunguza h bila mwisho kwenye mashine hakukupi jibu.

Hapo ndipo nadharia inapoingia. Kikomo ni ahadi. Wewe nitajie kosa unaloweza kuvumilia, mimi nikuambie h iwe ndogo kiasi gani. Ukifanya hesabu yetu kwa mkono unapata 6 + h. Unataka kosa lisizidi 0.001? Basi h isizidi 0.001. Unataka dogo zaidi? Taja tu, nami nitakupa h yake. Wakati wote huo h haikuwa sifuri hata mara moja. Zile epsiloni na delta zinazotisha watu chuoni ni ahadi hii hii: epsiloni ni kosa ulilotaja, delta ni jibu langu.

Mwalimu mwingine akauliza, na ana haki: "Haya hayako kwenye mtihani. Kipindi ni dakika 40. Nitayafundisha saa ngapi?" Kwa maoni yangu, si lazima ayafundishe yote. Lazima ayashike, ili swali likija asimfokee mtoto. Felix Klein wa Ujerumani alililalamikia pengo hili kwenye kitabu chake cha mwaka 1908: mwanafunzi akiingia chuo kikuu anaacha nyuma hisabati ya shule, akirudi shule kama mwalimu anaacha nyuma ya chuo. Walimu wetu hawa walisoma vikomo chuoni na wakafaulu, lakini hakuna aliyewaonyesha kwamba vilikuwa jibu la swali la Kidato cha Nne.

Tena tusidhani nadharia hii ilizaliwa mbali na ubao. Mwaka 1858, Richard Dedekind alikuwa akifundisha kalkulasi mjini Zürich, akaona kwamba msingi anaousimamia mbele ya wanafunzi haujakaa sawa. Akautafuta, akaupata mwaka huo huo, akauchapisha mwaka 1872. Ni maandalio ya somo yaliyomsukuma.

Haya, zamu yako. Chukua x³ pale x ni 2. Ukigawa kwa h utapata 12 + 6h + h². Nikikuruhusu kosa la 0.01, utanipa h gani? Angalia vizuri, safari hii 0.01 yenyewe haitoshi.