Visima vya Namba za Mia Saba

Visima vya mvuke nilikabidhiwa mwaka 1989 bila sherehe. Nilipewa spana kubwa, geji na kijitabu cha jalada gumu, na mzee aliyekuwa akistaafu akaniachia neno moja kabla hajapanda gari la kwenda Naivasha mjini: "Kijana, usiinamie shimo la kisima kabla hujajua upepo unatoka wapi."

Alikuwa na sababu. Gesi inayopanda na mvuke wa Olkaria inanuka yai viza, na ukiona hainuki tena usifurahi, maana ikizidi huua pua kwanza ndipo imuue mwenye pua. Tena ni nzito kuliko hewa, hujilaza mashimoni. Mama aliwahi kunipa bangili ya shaba. Miezi michache ya kazi ikawa nyeusi kama sufuria ya kuni. Alidhani nimeiuza nikanunua bandia.

Olkaria sikuwa mgeni. Nilifika 1980 kama kibarua wa zege, wakati mtambo wa kwanza wa stima ukijengwa. Wazee wa hapo walinisimulia kuwa wazungu walikwisha kujaribu kati ya 1956 na 1958, wakachimba visima viwili wasipate mvuke wa maana, wakaondoka. Kilichoturudisha pale ni mafuta. Utafiti ulikuwa umeanza tena mwaka 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, lakini bei ya pipa ilipopanda takriban mara nne kati ya mwisho wa 1973 na mwanzo wa 1974, mvuke uliacha kuwa udadisi wa wanajiolojia ukawa shauri la hazina. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, uliwaka 1981, wa pili 1982, wa tatu 1985. Jumla megawati 45. Watu hupenda kusema Olkaria ilikuwa ya kwanza Afrika nzima. Wenzetu wa Katanga, kule Kongo, watatukumbusha Kiabukwa, mtambo mdogo sana wa mgodini uliokuwepo tangu miaka ya 1950. Basi tuseme sisi ndio wa kwanza tuliotia mvuke kwenye gridi ya taifa.

Visima nilivyokabidhiwa mimi havikuwa vya mitambo hiyo. Vilikuwa upande wa kaskazini mashariki, vya namba za mia saba, vikichimbwa kimoja kimoja kulisha mtambo mwingine ambao ulikuwa bado uko kwenye makaratasi. Kazi yangu ilikuwa nyepesi kueleza: kila wiki kuzunguka na Land Rover, kufunga geji kwenye kichwa cha kila kisima, kusoma shinikizo na kuandika. Kipimo chenyewe kinaitwa baa, na dereva wangu hakuchoka na utani wake kuwa hakuna Mkenya mwingine anayelipwa kwa kutembelea baa asubuhi.

Kisima cha mvuke hukifungi ukakisahau kama debe la unga. Ukikibana kabisa kinapoa juu, gesi inajikusanya kichwani, na siku ya kukifungua bomba lililokuwa baridi linapokea moto ghafla, linaweza kupasuka. Kwa hiyo tulikiacha kipumue: vali ndogo kando, wazi kiasi cha kutoa uzi wa mvuke usiozidi unene wa kidole, usiku na mchana. Asubuhi za Olkaria ni baridi kali, na mijusi walilala wamejipanga juu ya chuma hicho. Mara mbili tulikuta nyati amesimama katikati ya uwanja wa kisima, nasi tukabaki garini hadi alipoamua mwenyewe kuondoka. Eneo lilikuwa mbuga ya taifa, Hell's Gate, tangu 1984. Kisheria yeye ndiye aliyekuwa kwake.

Nilichokiogopa kuliko nyati ni mshale wa geji. Mshale ukitulia palepale wiki hadi wiki, kisima ni kizima. Ukishuka, kuna kitu: vali inavuja, bomba limetoboka chini, au kisima kinakufa. Nikiona umeshuka hata kidogo, nilirudi kesho yake bila kutumwa. Mke wangu alisema ninavipenda visima kama mtu anayefuga.

Mapema miaka ya 1990 uchimbaji ulikuwa umekwisha. Mvuke wa kutosha mtambo mpya ulikuwa chini ya miguu yetu, umepimwa, umeandikwa. Mtambo haukuja. Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris wakaamua kuinyima Kenya misaada mipya hadi ibadilishe siasa na uchumi wake. Baadaye yakaja masharti ya sekta ya stima yenyewe: uzalishaji utenganishwe na usambazaji, awepo msimamizi wa bei, kampuni za watu binafsi ziruhusiwe kuzalisha na kuuza. Sheria ya hayo ilipita 1997. Sisemi wafadhili hawakuwa na hoja. Tulioishi miaka ile tunajua fedha za umma zilivyokuwa zikiyeyuka. Ila kila walipokuja wataalamu na mafaili yao, niliwazungusha kisima hadi kisima, wakapiga picha, wakasema mvuke ni mzuri sana, wakaenda. Baada ya ujumbe wa tano niliacha kupiga pasi shati kwa ajili yao.

Hesabu yangu ya karani ilikuwa rahisi. Visima vilichimbwa kwa fedha za mkopo, na kisima kilichofungwa hakisimamishi riba. Wakati huohuo meli zilikuwa zikishusha mafuta Mombasa, yakachomwa Kipevu kuzalisha stima. Tulilipa mara mbili: kwa mvuke tusioutumia, na kwa moshi tulioutumia badala yake.

Kisha mvua zikakata. Zaidi ya nusu ya stima ya nchi ilitoka kwenye maji, hasa mabwawa ya Mto Tana, na kufikia mwaka 2000 Masinga, lile bwawa kubwa linalotunzia mengine maji, lilikuwa limeshuka vibaya. Mgao ukaanza. Majenereta ya dizeli ya kukodi yakaletwa kwa haraka, kwa bei ya mtu mwenye shida. Naivasha mjini kila duka lililojiweza lilikuwa na kijijenereta chake barabarani, mlio juu ya mlio. Mitambo yetu mitatu ya zamani haikujua kama kuna ukame. Iliendelea na megawati zake 45 kama ng'ombe anayecheua.

Kinyozi wangu, mashine yake imekufa mkononi nusu ya kichwa changu ikiwa tayari, aliniuliza mbele ya wateja, "Mzee, si nyinyi mnakalia moto huko? Mnashindwa nini kuongeza?"

Nikamweleza kuwa kisima si bomba la jikoni. Kuna mabomba ya kuvuta mvuke hadi mtamboni, kuna mashine za kutenganisha mvuke na maji, tabo, jenereta, minara ya kupoza, nyaya za kwenda Nairobi. Ukipata fedha leo, hesabu miaka mitatu. "Na fedha mmeanza kutafuta lini?" akauliza. Kichwa kilimaliziwa kwa mkasi.

Mwaka huohuo kampuni ya Ormat, iliyokuwa na mkataba wa kuzalisha na kuuza, iliwasha megawati 8 upande wa magharibi wa Olkaria. Kutoka kwenye kisima changu cha juu niliweza kuona mvuke wao. Sikuona wivu wa uzalendo, kama baadhi ya wenzangu. Niliona tu kuwa inawezekana.

Ujenzi wetu nao ukaanza, hatimaye. Leo, nikiwa nimestaafu muda mrefu, mvuke unatoa zaidi ya megawati 800, zaidi ya theluthi moja ya stima ya nchi, na upepo wa Turkana umeingia na minara yake 365. Naona fahari. Nakumbuka pia kuwa mwaka 2014 jirani zetu Wamaasai walihamishwa kupisha upanuzi, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia. Stima safi nayo hutaka mahali pa kukaa, na mahali huwa pana mwenyewe.

Lakini mimi nikifunga macho huwa narudi mwaka 2003. Mabomba makubwa ya rangi ya fedha yalikuwa yamefika hadi kisima changu cha kwanza. Mafundi wa mtamboni wakatoa ishara kwa redio, na vijana wawili wakaanza kuzungusha gurudumu la vali kuu, pole pole, ili bomba lipate kupasha moto. Kwanza likaguna. Kisha ikaja sauti niliyoisikia mara ya mwisho siku ya majaribio, miaka mingi nyuma, ila safari hii haikupanda angani. Ilijikunja ikaenda zake ndani ya chuma, ikishuka bondeni kuelekea mtamboni.

Nilikuwa nimeshika kijitabu. Kijana mhandisi aliyesimama karibu na geji akanigeukia kwa wasiwasi.

"Mzee, mshale unashuka!"

"Uache ushuke," nikamwambia.