Usiku Mmoja Juu ya Chyulu



Mwezi uliopita tulifunga safari ya kwenda vilima vya Chyulu, upande wa Kibwezi. Nia yetu ilikuwa kulala hemani siku mbili, peke yetu, tupate utulivu wa kusoma nyiradi na kutafakari. Mama watoto hakuridhia.

"Maalim," alisema, "huko ukianguka ni nani atakayekuinua? Nawe ndiye uwafundishaye watoto kuwa Mtume alitahadharisha mtu kusafiri usiku peke yake."

Tulimjibu kuwa tungesafiri mchana. Lilikuwa jibu la mjuzi wa hoja, si jibu la mume.

Chyulu si mlima mmoja, bali ni safu ya vilima vingi vilivyozaliwa na moto wa ardhini, na kilele chake kirefu hukaribia mita 2,200. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1983. Chini mna mawe meusi ya volkeno. Juu mna nyasi laini na msitu uliovikwa ukungu. Kabla ya Maghribi mawingu yalifunguka, tukauona Kilimanjaro na theluji yake. Tulisema Subhanallah, na machozi yakatulengalenga.

Tulipokwenda kutawadha tulikuta dumu letu limelala ubavu. Kifuniko hatukukikaza. Katika lita kumi zilisalia kama mbili. Tulizunguka kutafuta kijito, hatukukiona hata kimoja, kwani mawe ya Chyulu yana vitundu na mvua yote humezwa. Kwa miaka mingi tumesomesha mlango wa tayammum tukiwa na birika la maji ubavuni. Jioni ile tulipiga mikono yetu juu ya vumbi safi kwa haja ya kweli, maji tukayaweka ya kunywa.

Usiku mnyama mzito, yamkini nyati, alikuja kula nyasi karibu na hema. Tulimsikia akizing'oa na kupumua. Tulisoma Ayatul Kursiyyu, na baina ya kisomo na kisomo sauti ya mama watoto ilirudi: ni nani atakayekuinua? Hapakuwa na mtu. Hapo ndipo tulipofahamu kuwa nasaha yake haikuwa woga wa kike, bali ilikuwa elimu.

Kulipopambazuka tulikunja hema, siku ya pili tukaiacha. Langoni askari wa hifadhi alitupa maji ya kunywa. Tulipomlalamikia ukavu wa vilima vyake alicheka, akatuuliza kwetu ni wapi. Tulipomjibu Mombasa, alisema, "Basi maji ya hapa mwayanywa nyinyi."

Na ni kweli. Mvua ile imezwayo na Chyulu hupita chini ya ardhi, ikatokea katika chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Na kutoka Mzima bomba huyaleta maji hadi Mombasa.

Tulifika nyumbani usiku. Mama watoto alikuwa jikoni akikinga maji ya mfereji, mitungi imepangwa safu. Tulimwomba radhi. Hakusema neno, alitujazia kata, akatupa. Tulikunywa tumeketi, kwa Bismillahi, na hatukubakisha hata tone.

Enyi kina baba, mashauri ya wake zenu msiyapuuze. Na enyi nyote, mfereji ufungeni vyema.

Wabillahi tawfiq.