Mlima kwa Wino

Watu wengi hudhani kuwa picha isiyo na rangi nyingi ni picha maskini. Dhana hii si ya haki. Wachoraji wa Uchina wamechora milima kwa wino wa masizi na gundi karne nyingi, wala milima yao haikosi umbali wala baridi.

Mchoraji mmoja wa Iringa alilijua jambo hili kwa lazima. Mama yake, mzaliwa wa Mbeya, alishikwa na mtoto wa jicho. Samawati ilimtoka kwanza. Rangi nyingine zikafifia zote zikawa kama chai. Kiza na mwanga ndivyo vilivyombakia. Alipotamani kuuona tena mlima Loleza, mwanawe alichukua wino, rangi nyeusi ya maji na karatasi nzito, akasafiri kilomita zaidi ya 300 kupitia Makambako.

Iringa humzoesha mchoraji ukali. Jiwe la Gangilonga, juu ya mji, huchongwa na jua kama kwa kisu, na kalamu ya wino hulitosha. Loleza, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari, haukuikubali kalamu. Yalikuwa majira ya mvua: asubuhi ukungu uliuficha wote, jioni ukautoa nusu. Katika kazi hii hapana rangi nyeupe. Weupe ni karatasi yenyewe, na mahali palipokwisha kuguswa na wino hapatakasiki tena. Kwa hiyo ukungu hauchorwi, huachwa. Mlima wa mbali hupewa maji mengi na weusi kidogo, wa karibu hupewa kinyume chake, na kila tabaka hungoja la chini yake likauke. Walakini baridi ya Mbeya haikaushi upesi. Mchoraji hakungoja, wino wa ukingo wa mlima ukapanda mbinguni kama mizizi, na karatasi mbili zikaharibika. Ya tatu aliingoja mpaka vidole vikafa ganzi.

Mama aliipeleka picha dirishani, akaikaribisha usoni hata ikakaribia kugusa pua. Kidole chake kilifuata mgongo wa mlima polepole, kikasimama kulia, upande wa mashariki, palipokuwa na weusi mzito.

"Umeuchora jioni, mwanangu," alisema. "Jua limekwisha kwenda Mbalizi."

Mwanawe hakuwa amemwambia saa.