Twiga Anayeangalia Nyuma

Mimi na mchumba wangu tulikuwa tumenuniana tangu Jumatano. Yeye kapata kazi Mwanza, mimi yangu iko hapa Dar, na kila tukigusa hiyo mada mmoja anainuka kwenda kulala. Jumamosi tukatoka tu, tukaishia Oysterbay, Barabara ya Haile Selassie, kwa wachoraji wa Tingatinga. Tulikwenda kununua zawadi ya harusi ya rafiki. Tukajikuta tunaomba kufundishwa.

Wengi wetu tunapita pale tukidhani ni pa watalii. Kumbe mtindo huu uliasisiwa na mwana wa Tunduru, Edward Saidi Tingatinga, mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa vipande vya mbao nyembamba na rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora miaka michache tu. Ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao.

Nikashika brashi nianze na chui. "Taratibu dada," fundi akasema, "chui anakuja baadaye." Kwanza unapaka rangi ya nyuma yote, unaiacha ikauke. Halafu unajaza umbo la mnyama, nalo likauke. Macho, ndevu na madoa ni mwisho kabisa. Na rangi yenyewe ni ya mafuta, haina haraka na mtu. Mimi sikusubiri. Chui wangu akageuka tope lenye masikio.

Mwenzangu, ambaye nyumbani hana subira hata ya kungoja chai ipoe, alisubiri. Tukanunua madafu, tukakaa kivulini tukiangalia rangi inakauka. Hakuna aliyeinuka. Tuliongea kodi ya nyumba, mama yake, hofu yangu ya kuanza upya mji nisioujua. Saa mbili nzima, bila kupandishiana sauti!

Jioni akachora twiga. Shingo ikawa ndefu mno, kichwa kikakosa nafasi, fundi akamwambia akikunje kirudi nyuma.

"Huyu anakwenda Mwanza," akasema, "lakini anaangalia Dar."

Sikucheka.

(Mkienda, elewaneni bei mapema na vaeni nguo za zamani, rangi ile haitoki kwa sabuni.)

Jumapili tulirudi kuweka madoa. Jumatatu asubuhi akapiga simu Mwanza, akaomba wiki mbili zaidi za kufikiria.

Wamempa moja.