Mungu Alimtuma Baba Mdogo

Ushuhuda huu ni wako wewe dada uliyejifungia ndani kwa aibu. Nami nilijifungia hivyo hivyo.

Kwetu ni kijijini, mkoa wa Dodoma. Mimba yangu ya kwanza haikunisumbua, nililima nayo hadi mwezi wa mwisho. Uchungu ulinishika usiku wa masika, korongo limejaa, njia ya zahanati haipitiki. Mama na mkunga wa kijiji walifanya walichokijua. Kukakucha. Kukachwa. Kukakucha tena. Nilipofikishwa hospitali, mtoto alikuwa ameshafariki. Alikuwa wa kiume.

Niliporudi nyumbani shuka ikawa inalowa. Nikadhani ni mambo ya uzazi, yatapita. Hayakupita. Nikikaa mkojo unatoka, nikisimama unatoka. Leo najua sababu: kichwa cha mtoto kikikwama muda mrefu hubana nyama laini kwenye mfupa wa nyonga, damu haifiki, nyama inakufa, na tundu linabaki kati ya kibofu na uke. Ndiyo fistula. Wakati ule walisema nimelogwa.

Mume wangu alinirudisha kwa wazazi. Kanisani nilikaa benchi la nyuma, na benchi lile likawa langu peke yangu. Jumapili moja mama mmoja wa kwaya alifungua madirisha yote huku akinitazama. Sikwenda tena. Mama alinifulia khanga usiku ili majirani wasizione. Nikapunguza kunywa maji nikidhani mkojo utakauka. Ukazidi ukali, ukanichubua mapaja.

Usiku mmoja niliomba nife. Bwana, nichukue. Basi. Nikangoja. Hakunichukua. Nikamsikia mama chumba cha pili. Alikuwa anaomba. Alilitaja jina langu, akashindwa kuendelea. Nikaogopa. Niliogopa kufa, nikaogopa na kukucha. Nikakaa macho.

Mungu alijibu, lakini jibu lake lilikuja likipepesuka. Baba mdogo ni mlevi, na hilo si siri kijijini. Aliwahi kuuza mbuzi wa baba, pesa yote akainywa, tangu hapo baba hasemi naye. Jioni moja alitokea kilabuni, akasimama uani akipiga kelele: "Ugonjwa wa mtoto unatibika! Redio imesema! Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT, bure!" Baba akamfukuza. Asubuhi akarudi, macho mekundu, hajaonja kitu, mkononi ana pakiti ya sigara aliyoiandika namba ya simu. Mama akapiga. Ilikuwa kweli.

Nauli ikatumwa kutoka hospitali kwa M-Pesa. Mama alikuwa anamuuguza bibi, baba hawezi safari ndefu, akajitolea baba mdogo. Wote tuliogopa ataigeuza nauli kuwa pombe. Hakuigusa.

Ndani ya basi abiria wakaanza kunung'unikia harufu. Wakageuka kutafuta inakotoka. Nikainama. Nilitamani sakafu inimeze. Baba mdogo akasimama, akasema kwa sauti, "Jamani, ni mimi. Nililewa jana nikajikojolea. Mnisamehe." Wakamcheka. Wakamtukana. Mmoja akamwambia hana haya. Akakubali yote, akaketi kimya. Mimi hakuna aliyenitazama tena.

Ndugu yangu, mtu mwenye heshima zake asingeweza kunisitiri vile, maana hakuna ambaye angemwamini. Siku ile Mungu alitumia sifa mbaya ya baba mdogo kunifunika.

Hospitalini CCBRT, Msasani, niliwakuta wanawake wenye tatizo kama langu. Tukaulizana habari bila kuziba pua. Nikafanyiwa upasuaji, nikawekewa mpira wa mkojo. Baada ya kutolewa mpira nililala, nikaamka. Shuka kavu. Nikaigusa. Nikaigusa tena.

Nikimfikiria baba mdogo namkumbuka nabii Eliya: kwenye kijito cha Kerithi aliletewa mkate na nyama na kunguru, ndege ambaye sheria ya Musa inamhesabu najisi. Nabii alikula, akaishi.

Usidhani kila mtu amebadilika. Baba mdogo bado anakunywa, na nyumbani tunamwombea kila jioni, baba naye akiitikia amina. Nimerudi kanisani, na yule mama wa kwaya huja kukaa benchi langu. Hajaniomba radhi, nami simdai. Nami bado nikishtuka usiku, mkono hutangulia kupapasa shuka kabla sijafumbua macho.

Dada, fistula inatibika. Mwambie mtu, ukianzia zahanati iliyo karibu nawe. Na ikiwa anayekusikiliza ni mtu ambaye kijiji kizima kimemkatia tamaa, mpe nafasi akusindikize. Bwana awatangulie nyote wawili.