Nimpakate na Mpakate: Mama Mwenye Mtoto katika Usafiri wa Dar es Salaam

Wahenga walisema kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Katika jiji la Dar es Salaam sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nje ya nyumba: kituoni, sokoni, na kwenye foleni ya zahanati. Mama atokaye Mbagala kwenda Kariakoo, mtoto mgongoni na kikapu mkononi, ni watu wawili ambao jiji huwahesabu kuwa abiria mmoja.

Daladala, zilizoruhusiwa rasmi mwaka 1983 baada ya mabasi ya umma kuelemewa, hazikuundwa kwa ajili yake. Mlango ni mwembamba na ngazi iko juu. Akiisha kupanda, humlazimu kufungua mbeleko na kumhamishia mtoto kifuani, naye hana tena mkono wa kujishikia. Hapo ndipo lugha inapomwauni. Abiria aliyeketi, asiyemjua kabisa, humwambia: “Lete mtoto nimpakate, dada.” Haulizwi mtu jina wala kwao. Kwa kitenzi hicho kimoja mgeni hugeuka shangazi au bibi kwa muda wa vituo vitatu au vinne, na mama husimama akishika bomba, macho hayambanduki mwanawe.

Hata hivyo, kitenzi hichohicho kina sura ya pili. Mtoto akiwa ameketi kitini peke yake bila kulipiwa nauli, konda hupaza sauti: “Mama, mpakate mtoto!” Katika “nimpakate” msemaji anajitolea mapaja yake mwenyewe, katika “mpakate” anadai kiti. Maneno hayo mawili yanatofautiana kwa silabi moja tu, lakini baina yake umo uhusiano mzima wa mama na jiji: mara anapokewa kama ndugu, mara anahesabiwa kama hasara.

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yaliondoa ngazi, kwani jukwaa la kituo liko sawa na sakafu ya basi. Yaliondoa pia konda. Amri ya “mpakate” haisikiki humo. Lakini hayupo pia mtu wa kuwahimiza walioketi wampishe mama. Saa za msongamano aliyewahi kiti aweza kufumba macho kama aliyelala, na mama hana wa kumshitakia.

Hapana shaka kwamba “nimpakate” ni hazina ya utu ambayo hakuna mhandisi awezaye kuijenga. Lakini hisani huombwa, au husubiriwa; haki haisubiri huruma ya aliyeketi. Jiji lililomjengea mama jukwaa la kupandia bado lina deni la mahali pa kuketi.